Nyumba ya Nane

Kapata, Kolwezi, 4 Februari 2024

Kwako baba mudogo Tharcisse,

Jambo sana baba. Hapa kwetu tuko bazima, na tunaomba barua ikukute nawe muzima, magoti yamepunguza kelele. Bwana yangu Stany angali anaendesha kamio ya mawe, anarudiaka nyumbani na vumbi mpaka ndani ya masikio. Jessica wetu iko kalasi ya sita, ananishinda hesabu na haniachi nisahau. Mashine yangu ya kushona inalia kutwa nzima, bamama ba parokia banataka nguo za Pasaka tangu leo. Mama Rachelle, bibi yako, anaendelea namna gani? Muhogo wenu ulitoa kitu?

Sasa nikwambie jambo lenyewe. Mama haoni muzuri tena. Tulimupeleka ku hopitali, dokta akamwangalia na ile taa yake, akasema ugonjwa umekula macho sana, dawa itachelewesha tu. Mwisho ya mwaka pengine itakuwa giza. Mama alisikia yote, akauliza dokta kama amemaliza, akafunga kitambaa chake, akatoka. Mu njia akaniambia: "Mbele sijafunga macho, nataka kuona avenyu yetu vile ilikuwa wakati niliolewa."

Nikajua anasema maketi ya baba, ule mufano mudogo wa avenyu yetu wa kuweka juu ya meza. Tulizania ilipotea. Kumbe mu Januari mupepo ulingoa manjanja mbili za paa ya jikoni, Stany akapanda kuzirudisha, akaikuta mu plafo, juu ya dari, imefungwa ndani ya shuka. Unaikumbuka, mulitengeneza we na baba miaka mingi mbele mi sijazaliwa. Baba alipanga kile alikuwa anaona akikaa ku barza: nyumba yetu peke yake upande huu, barabara, na mustari wa nyumba za ngambo. Muchwa umeikula. Kuta za karato, ile karatasi ngumu ya boksi, zimekwisha, ubao wa chini umekatikakatika, nusu ni unga. Mapaa ya makopo ya sardini njo yalibaki, na karatasi moja ya mukono wa baba imeandikwa 1/100.

Baba mudogo, nimeamua. Nitaitengeneza upya, yote, na mama ataiona. Sijui kazi ya bafundi, lakini nguo nimeshona na hii nayo nitashona.

Ila kuko kitu sielewe. Mustari wa ngambo una mapaa saba. Na katikati, sawasawa na mulango wetu, kuko nafasi tupu. Hakuna paa, hakuna kipande cha ukuta, ni kole ya zamani tu ya kugandishia, na alama za kisu. Siwezi kutoka inje nihesabu, juu siku hizi ngambo ni ukuta moja murefu wa depo za batu banaouza mawe. Nilimuuliza mama hapo palikuwa nini. Alikuwa anachagua muchele. Akasema, "Muulize Tharcisse," akaendelea kuchagua.

Basi nakuuliza. Simu najua unaiwekaka mu sanduku, kwa hiyo nampa Sadrack barua hii. Kamio yake inatoka kesho kuja Kisenge.

Mutoto wako,
Fidélie


Kisenge, 10 Machi 2024

Fidélie mwanangu,

Barua yako ilifika ikiwa imeloa. Sadrack alilala siku tisa mu matope, kamio imezama mpaka kwa mulango. Tuko wazima. Rachelle anakusalimia, muhogo ulitoa, kisha mbuzi wa jirani wakaingia na sasa hatusalimiane na jirani. Mi nilistaafu lakini watu wananiletea bado kinga zao zenye minyororo iliyokatika na mashine za kushona, na siwezi kufukuza mashine yenye kuumia.

Habari ya macho ya shemeki imenikata. Yeye njo alinipikia bukari siku ya kwanza niliyofika Kapata, kijana asiye na sahani yake mwenyewe. Mwambie ninamulilia.

Sasa kazi. Usitumie kole ya unga wa muhogo sawa tulivyofanya sisi. Hiyo njo iliita muchwa. Nunua kole ya maseremala. Kuta fanya na karato ya boksi za viatu, kunja mara moja tu, usikunje mara mbili, itavunjika. Ubao wa chini weka tripleksi, upake mafuta chafu ya injini kwa chini. Mapaa usitupe, hata yenye kutu. Kama unataka mapya, fungua kopo la sardini, lipige likae sawa, kisha libiringishe juu ya bulo kubwa ya chuma, ile ya kukaza na nati, yenye meno manene, ukikandamiza na kitambaa. Meno ya bulo yatachora mistari na utapata manjanja kamili. Sadrack akirudi nitamupa bulo yangu akuletee. Udongo wa barabara uchukue palepale mbele ya nyumba, uchuje na soksi ya nailoni, usilete mchanga wa mutoni, rangi yake si ya Kapata. Bomba la maji ku kona tulilifanya na musumari uliokunjwa.

Ile nafasi, iache tupu.

Baba yako mudogo,
Tharcisse


Kapata, 19 Mei 2024

Baba mudogo,

Salamu toka kwa bote. Jessica anajitayarisha na mitihani, anatembea mu nyumba akiimba mito ya Congo mpaka Stany nae ameijua yote. Mama alikuwa na homa wiki mbili, imepita. Jicho la kushoto limekwisha kufunga. La kulia linaona mwanga na vitu vikubwa, anajua kama ni mi ninaingia ao ni Stany. Kila asubuhi anauliza: "Imefika wapi?" Namwambia imefika ku kuta. Anasema: "Fanya mbio."

Bulo ilifika mu Aprili, imefungwa mu gazeti. Niliangalia ndani ya gazeti, nikaangalia tena, barua hakuna. Baba mudogo, we unajibuka maulizo ambayo sikuuliza. Nilikuuliza neno moja, ukanifundisha kuchuja udongo na soksi. Lakini sina kasirani tena, juu siri yako nimeivumbua mi mwenyewe.

Sikiliza. Nilichukua metre yangu ya kushonea, nikapima nyumba yetu toka kona mpaka kona: metre kumi. Nikapima paa ya zamani ya sardini: sentimetre kumi. Nikasema, tazama, imekubaliana, 1/100 sawa baba alivyoandika. Nafasi kati ya nyumba yetu na ya jirani wa kuume ku upande wetu, ile baba hakuiweka ku maketi, ni metre sita. Ubao wa baba nilipima kipande kwa kipande mbele sijautupa, ulikuwa sentimetre mia moja na sita. Sasa piga hesabu: nyumba saba na nafasi sita kati yazo. Inatoa mia moja na sita kamili, hakuna hata upana wa uzi unaobaki. Jessica alirudilia hesabu mara tatu. Kwa hiyo nyumba zilikuwa saba. Nyinyi muligandisha vibaya, mukaminya zile za pembeni, katikati pakabaki wazi, na alama za kisu ni za kungoa ile mulikosa. Njo maana hukutaka kusema, fundi mukubwa kuona haya.

Nimekwisha kukata kuta zote saba na kuzisimamisha. Wiki mbili za kazi, vidole vyangu vimejaa kole mpaka bamama banalalamika mu mikunjo ya nguo zao. Inapendeza kabisa. Nilimwambia mama kama nimepata jibu, nyumba ni saba, nafasi tupu imejifunga yenyewe. Alicheka kidogo kwa pua, akaomba chai.

Niandikie tu neno moja, useme niko sawa, nipigilie ku ubao.

Fidélie


Kisenge, 28 Julai 2024

Fidélie,

Natumaini Jessica amepita. Huku ni baridi, Rachelle anakohoa lakini analima. Jirani wa mbuzi alikuja kuomba musamaha na kuku moja, tumeanza kusalimiana.

Nimekaa na barua yako wiki nyingi. Sadrack amepita hapa mara tatu, kila mara namwambia bado. Nikwambie ukweli: niliposoma, nilifurahi. Nilijisemea, mutoto ameifunga mwenyewe, mi sikusema uongo wowote, ninyamaze tu. Neno moja lilitosha. Nilichukua kalamu niandike "uko sawa".

Mukono ulikataa. Mi ni ajusta. Nimefanya miaka makumi tatu na sita kazi ya kutia chuma ndani ya chuma, na kitu kilichopimwa vibaya siwezi kukiita kizuri. Umekosa, mwanangu. We mushonaji muzima, umepima mutu akiwa amevaa koti. Kile chumba cha makala pembeni ya nyumba yenu, kwa kushoto, baba yako alikijenga mu 1995. Toa metre mbili. Nyumba ya kampuni ya migodi ilikuwa metre nane. Na paa inapita ukuta, metre moja kila upande, ili mvua isipige madirisha. Njo maana paa ni kumi na ukuta ni nane. Bahati mbaya makosa yako mawili yamekubaliana, ndipo ukajiamini. Sasa piga tena: nyumba nane za sentimetre nane, nafasi saba za sita. Inatoa mia moja na sita ile ile. Nyumba zilikuwa nane. Bomoa hizo kuta.

Ya nane ilikuwa ya Beya.

Humujui, ulizaliwa yeye amekwisha kwenda. Alikuwa ajusta mukubwa wangu, njo alinifundisha kushika tupa. Mapaa ya maketi alifanya yeye, si mi. Ile akili ya bulo ni ya Beya, na bulo yenyewe ni yake. Jioni tulikuwa watatu ku barza, baba yako anachora, mi nakata, Beya anabiringisha manjanja na kutucheka. Kisha ukafika ule mwaka ambao watu wa jimbo la Kasai, sawa Beya, waliambiwa warudie kwao. Walilala ku gare majuma na majuma chini ya mahema wakingoja treni. Beya mbele ya kutoka nyumbani alinipa ufunguo. Hakumupa yaya Kisimba, baba yako mwenye watoto, alinipa mi niliyekuwa nalala mu chumba cha nyuma kwenu. Akasema: "Tharcisse, unichungie nyumba."

Nilichunga miezi mitatu. Kisha nikaanza kulala mule, juu nyumba tupu inavunjiwa. Kisha nikaenda ku biro ya kampuni nikasema mwenyewe ameiacha. Wakaandika jina langu. Barua yake moja ilinifikia, aliuliza kama watoto wanaweza kurudi kusoma. Sikujibu.

Mu 1997 binti yake Joyeuse alikuja peke yake, alikuwa na miaka kumi na tano. Alisimama mu kiwanja, akanisalimia na magoti chini, "Jambo baba." Nikasema simujui. Nilisema hivyo mara mbili. Baba yako alikuwa ngambo ku barza, aliona na alisikia. Alichukua mutoto, akamulisha, akamupeleka ku kamio. Kisha akaingoa nyumba ya Beya ku maketi na kisu cha jikoni, akavuka barabara, akaiweka mbele yangu juu ya meza.

"Umechukua kubwa," akasema, "chukua na ndogo."

Hatukuongea tena mpaka kufa kwake. Nyumba nikaiuza, nikaja Kisenge. Ile ndogo niliitia mu mbabula ya makala siku ile ile, ikawaka mara moja, kole ya muhogo inawaka vizuri.

Sasa unajua. Kama hutaki tena kuniandikia, nitaelewa.

Tharcisse


Kapata, 18 Agosti 2024

Baba mudogo Tharcisse,

Tuko bazima. Jessica amepita na asilimia sabini na mbili.

Nilisoma barua yako mara ya kwanza mi peke yangu, jikoni, nikasimama na kuketi, nikasimama tena. Nilikuwa na kasirani ambayo sikujua nitaitia wapi. Miaka yote hii nilikuwa nasema baba yangu alikuwa mutu mugumu, hakukusamehe kitu kidogo cha bandugu. Nilimusemea vibaya mpaka kaburini. Hilo pia ni lako, ulibebe.

Kisha nikamusomea mama, neno kwa neno, sikuruka. Nilipofika ku mbabula, mama akasema hakujua hiyo, alizania ungali nayo. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia yeye. Akasema jambo la mutu linatoka mu kinywa cha mwenyewe, ao linabaki mule. Nikamuuliza tufanye nini sasa, tuache nafasi tupu? Akakataa kabisa. Avenyu aliyokuta ilikuwa na nyumba nane, na atapewa nane.

Nimebomoa kuta zote saba. Nimekata tena, sentimetre nane, zinakaa sawa, na ile nafasi imerudia palepale mbele ya mulango wetu. Saba nitafanya mi. Ya nane utafanya we. Sitaikata hata karato moja. Bulo narudisha na Sadrack.

Neno lingine. Nimemutafuta Joyeuse. Haikuwa kazi, bamama bachuuzi banajuana. Anauzisha bitambaa ku Likasi, ana batoto bane. Beya mwenyewe alikufa zamani. Nilimupigia simu, nikasema mi ni mutoto wa Kisimba wa Kapata. Aliuliza kama mama yangu angali anapika sombe na karanga nyingi vile. Sikumwambia juu yako. Si kazi yangu.

Fanya mbio. Jicho la kulia linaona mwanga tu.

Fidélie


Kisenge, 22 Septemba 2024

Fidélie,

Salamu kwa wote, na hongera kwa Jessica. Rachelle amepona kikohozi.

Sadrack anakuletea boksi. Usiifungue mu vumbi. Ndani kuko nyumba ya nane. Kuta nimefanya na mbao nyembamba, si karato, muchwa ule meno yake. Madirisha yanafunguka. Paa ni ya bulo ya Beya. Nilimuonyesha Rachelle, akaniuliza ni ya nani, nikamwambia yote. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia, na tuko pamoja miaka makumi mbili na tano. Alikwenda shamba, alirudi jioni, akaniwekea chakula bila neno. Leo ameanza kuongea.

Magoti hayaniruhusu safari ya kamio, ningekuja. Igandishe sawasawa na mulango wenu. Mwambie shemeki nimefanya kwa roho yote.

Tharcisse


Kapata, 20 Oktoba 2024

Baba mudogo,

Salamu kwako na kwa mama Rachelle, umushukuru kwa karanga alizotuma na Sadrack. Mvua imeanza. Stany alipata siku tatu za mapumziko, alinisaidia kupaka barabara udongo uliochujwa, na soksi, ndiyo, na soksi yako.

Mama haoni tena. Ilifunga tarehe mbili, asubuhi, bila maumivu. Aliniita akaniambia kwa sauti ya kawaida kama mwanga wa dirisha umekwenda. Nililia sana, baba mudogo. Nililia juu nilimuahidi ataona, na mi nilipoteza wiki na wiki na hesabu yangu ya kijinga, na we ulipoteza nyingi zaidi. Mama aliniacha nilie, kisha akauliza: "Mikono yangu nayo imefunga? Lete hiyo avenyu."

Boksi yako ilikuwa imefika juzi yake. Nikaigandisha nyumba ya nane palepale ulivyosema, nikaweka ubao juu ya meza, nikamuketisha. Akaanza na nyumba yetu. Alipata barza, alipata dirisha la chumba chake, akasema hapa mapazia yalikuwa ya kijani. Akavuka barabara na kidole, akapata bomba, akacheka, juu ya ngumi zilizopigwa pale kwa ndoo ya maji. Akatembea mustari nyumba kwa nyumba, akitaja majina, nani alikuwa na redio, nani alikuwa na wivu. Mi nilikuwa naandika mu kaye, siwezi kukwambia furaha niliyokuwa nayo.

Akafika ku nyumba yako. Akagusa paa, akasema hii ni kazi ya fundi. Akashuka ku ukuta wa mbele. Kidole kikapita toka kona mpaka kona, kikarudi, kikapita tena. Akageuza mukono, akatafuta nyuma. Mulango alikuta kule.

Akatoa mukono, akauweka mu magoti yake.

"Hii ni nyumba ya Tharcisse," akasema. "Ya Beya iko wapi?"

Sikuelewa. Ndipo akanieleza kile hukuandika. Ulipohamia mule, ulifunga mulango wa barabara na matofali, ukatoboa mwingine nyuma, ili ukitoka asubuhi usikutane macho na yaya yako. Na ile siku Joyeuse alikuja, aliona matofali pale palikuwa na mulango wa kwao, akazania amekosa nyumba, akapiga hodi palepale, ku matofali. Mama alimuona na macho yake. Alipiga hodi muda murefu, mpaka ukazunguka toka nyuma kuja kumwambia humujui.

Siandiki ili nikuumize. Unaweza kusema ni mukono ulisahau. Lakini mama ameingoa na kisu, sawa bwana yake, na mi sikumuzuia. Narudisha boksi. Beya alikuwa anafungua mulango wake na anatuona. Mama anataka kuugusa mulango huo.

Joyeuse atakuja Kapata siku ya Mungu, tarehe makumi mbili na ine ya Novemba. Safari hii nilimwambia ni we unafanya nyumba. Akasema atakuja tu, juu ya mama. Mama ametoa agizo moja: ya nane haitapita mu mikono ya Sadrack wala mu yangu. Atakayeiweka ni we, mbele yake na ya Joyeuse, bote babili. Magoti yako yamebeba uongo Kisenge miaka makumi mbili na saba, anasema, yatabeba hata siku tatu za kamio.

Fidélie


Kisenge, 8 Novemba 2024

Fidélie mwanangu,

Salamu kwenu wote. Rachelle anakuja pamoja nami, amekwisha kufunga vitu, hata sikumuomba.

Haikuwa ujanja, nakuapia. Hakuna siku niliyowaza, nifiche mulango. Niliketi, nikachukua mbao, mikono ikafanya nyumba niliyoijua, nayo ikawa yangu. Niliipenda. Niliyafungua na kuyafunga madirisha sawa mutoto. Na hiyo njo mbaya zaidi kupita uongo, juu miaka yote nilikuwa nasema nimekwisha kutubu, kumbe nilikuwa ningali nakaa mule ndani.

Boksi ilipofika, nilibomoa yote, hata paa. Nimeanza upya toka sakafu. Mara tatu nilikata mulango wa barabara, mara mbili niliukosa upana, mi ninayejisifu. Sasa uko sawa. Unafunguka kwa ndani, na ukiufungua nyumba yenu iko mbele. Nyuma ni ukuta mutupu.

Nilimuuliza Sadrack kama atatuweka mbele karibu naye. Tunatoka Kisenge tarehe makumi mbili. Matope yakitushika, nitashuka nitembee, shemeki asiwe na wasiwasi. Nyumba naibeba mu mikono, boksi siitaki.

Bulo pia ninaileta. Si yangu na si yako, ni ya binti yake.

Jambo moja nakuomba, na uliseme mbele sijafika. Najua namna tunavyolea watoto, mudogo njo anaanza kusalimia mukubwa, na Joyeuse alilelewa vizuri, nilimuona. Mwambie safari hii asipige magoti, asifungue kinywa. Abaki amesimama mu mulango wenu. Mi njo nitavuka barabara, na mi njo nitaanza.

Tharcisse